Mdundo wa Mwavuli

Tarehe 3 Februari

Kwa mpwa wangu, kipa wa ukoo mzima,

Barua hii ikukute mzima, wewe na mkwe wangu dereva na huyo mjukuu wangu ambaye mpaka leo hamjamleta nikamwona meno. Sisi huku tupo. Goti la mkaza mjomba wako linamsumbua asubuhi, lakini mdomo haujambo, na anasema kwenye picha uliyotuma umekonda. Nimemwambia ile ni picha, si mizani, hasikii. Karakana inakwenda. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo masanduku ya bati yanatoka, nagonga kutwa nzima na majirani wanakuja kulalamikia kelele. Nawajibu kwamba mimi sisikii kelele yoyote. Hapo huwa wanageuka na kwenda zao.

Na wewe usiniletee tena habari ya simu. Daktari alishasema masikio haya yamekwenda moja kwa moja, moja limeliwa na bati na jingine na ngoma. Ule ujumbe mnaoandikiana, maneno mawili matatu kama mtu mwenye kwikwi, siuwezi. Niandikie barua kama binadamu.

Sasa jambo lenyewe. Mwavuli anaondoka.

Mkataba wake unaisha mwezi wa tano na kamati imekataa kuuongeza. Mwenyekiti amewaambia waandishi wa habari kwamba klabu inahitaji damu mpya, na kwamba kocha aliyekaa miaka yote hii bila kombe hana haki ya kununa. Kombe ni kweli hakuleta. Lakini alitukuta wapi? Alitukuta daraja la tatu, wachezaji wanaazimana viatu, nyasi zimebaki kwenye kona tu. Leo wale wa ng'ambo ya mto wakija kucheza kwetu wanashuka kwenye basi wameshaanza kutoka jasho. Unakumbuka siku aliyofika? Kiangazi kikali, na mtu kashika mwavuli mweusi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe mwavuli ni wa kuelekezea wachezaji, wewe huku, wewe kule. Na ile siku tuliyofungwa nyumbani, watu wakaanza kumrushia maganda ya machungwa, akaufungua taratibu, akatembea chini yake mpaka vyumbani bila kugeuka nyuma. Jina likamganda.

Basi sisi mashabiki wa Jukwaa la Mbao tumekaa, tumeamua apewe mdundo.

Najua utasema kocha hajawahi kupewa. Mdundo ni wa mchezaji aliyemaliza msimu na sisi. Namtungia wake kwa ngoma yangu, unakuwa wake mpaka anaingia kaburini, na hapewi mtu mwingine. Lakini sheria yetu inasema asiye mchezaji anaweza kupewa ikiwa wenye midundo wote walio hai wamekubali. Mmoja akikataa, imekwisha. Kinyozi amekubali huku kashika wembe kwenye kidevu cha mteja. Mwalimu ameandika ndiyo kwa wino mwekundu. Jongoo naye amekubali, ingawa ilimchukua mpaka jioni, unamjua alivyo. Wengine wote wamekubali. Umebaki wewe.

Nimeshautunga. Nitaupiga kwenye mechi yake ya mwisho, tarehe 24 Mei. Niandikie neno moja tu, ndiyo, nikaendelee na shughuli.

Mjomba wako,
Kiziwi wa Mbao


Tarehe 11 Machi

Shikamoo Mjomba. Na mkaza mjomba mpe shikamoo yake ya peke yake, asije akasema nimemchanganya na wewe.

Sisi wazima. Mjukuu wako ameshaota meno ya juu na anayajaribu kwenye bega langu. Baba yake yuko njiani na lori, akirudi analala, akiamka anaondoka, nimemwambia ipo siku mtoto atamkaribisha kama mgeni. Kiwandani wamenipandisha, sasa nasimamia zamu ya wakata sponji. Sponji linatoka kwenye mashine kama mkate mrefu usio na mwisho, sisi tunalikata saizi za magodoro, na vumbi lake linaingia mpaka kwenye nyusi. Nikifika nyumbani mtoto ananipigia chafya usoni.

Samahani nimechelewa kujibu, kazi ilikuwa nyingi.

Nina ombi. Chini ya kitanda changu cha zamani kuna lile sanduku la bati ulilonitengenezea, lenye kufuli la bluu. Ndani kuna glovu zangu za ukipa. Mtu akija huku naomba unitumie. Kama panya wamezila niambie tu, usininunulie nyingine.

Kuhusu Mwavuli nimesikia. Namtakia kila la heri huko aendako.

Goti la mkaza mjomba alikande kwa maji ya moto, na asipande ngazi ya dari kuangalia kuku wa jirani. Namjua.

Mpwa wako


Tarehe 25 Machi

Mpwa wangu,

Tunaendelea vizuri, na mkaza mjomba wako amekasirika umejuaje habari ya ngazi. Goti linakandwa.

Barua yako nimeisoma, nikaigeuza, nikaimulika kwenye jua. Neno ndiyo silioni. Mkaza mjomba wako akasema labda limebaki kwenye bahasha, tukaichana bahasha yote. Huko nako hamna.

Glovu anakuletea fundi saa wa mtaa wetu, anakuja huko kumwona mwanawe. Panya hawakuzigusa, walijishibia soksi. Mimi sikuuliza ni za nini. Aliyeuliza ni mkaza mjomba wako, nikamjibu labda ni za kushikia sufuria ya moto. Hakuna kati yetu aliyeamini.

Huku mambo ni moto. Mwenyekiti amepiga marufuku mabango. Bango lolote sharti lipelekwe kwa katibu akalisome kwanza, ndipo liingie uwanjani, maana wanaogopa tutaandika yale wanayoyajua. Jumamosi Mbao tukaingia na shuka nyeupe tupu, kubwa, mkaza mjomba wako ameunganisha shuka kadhaa kwa cherehani yake. Tukaitandaza jukwaa zima. Haina hata nukta. Walinzi wakakimbia kwa katibu kuuliza kama shuka tupu ni tusi. Katibu akafikiri mpaka kipindi cha pili.

Tulitoka sare, lakini ungeona mpira! Kabla ya Mwavuli tulikuwa tunapiga mbele tu, kisha tunaukimbilia kama kuku waliomwagiwa mahindi. Sasa beki wetu anapokea mpira karibu na goli lake, anatulia, anainua kichwa, anatazama nani yuko huru. Washambuliaji wanamjia wawili na yeye bado anatazama. Ile kutulia ndiyo aliyotuletea yule mtu. Mwenyekiti anataka kitu cha kuweka kabatini. Mimi nataka ile kutulia, na atakayekuja kuiharibu atanikuta pale Mbao na ngoma yangu.

Mechi ya mwisho inakaribia. Nasubiri neno lako.

Mjomba wako


Tarehe 20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hamjambo wote na karakana pia haijambo. Sisi tunaendelea. Mtoto anatambaa kwa kasi ya ajabu, jana nilimkuta kwa jirani anagawiwa ndizi kama mwenye nyumba.

Glovu zimefika, ahsante. Zinanibana kidogo, mikono imenenepa kwa kukata sponji. Usiulize nimejuaje kwamba zinabana. Uniwie radhi kwa mwandiko, kiwiko cha kulia kimevimba, niliteleza.

Hadithi ya shuka tupu niliwasomea wenzangu wa zamu. Walicheka mpaka tukazima mashine, msimamizi mkuu akaja mbio akidhani mtu amekatika kidole.

Kuhusu lile jambo, Mjomba, endeleeni bila mimi. Wengine wamekubali, wanatosha.

Mpwa wako


Tarehe 28 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu tele kwa mjukuu na kwa mkwe. Huku hatujambo.

Endeleeni bila mimi? Hayo ni maneno gani? Wewe unaijua sheria kuliko Kinyozi. Hatuwezi kuendelea bila wewe, na unajua hatuwezi, ndiyo maana umeyaandika mwishoni kabisa kama mtu anayetupa taka kwenye ua wa jirani na kukimbia.

Na hicho kiwiko. Mimi ni kiziwi, sijawa kipofu. Mtu anayeteleza sakafuni anaumia makalio. Kiwiko cha kulia ni cha anayeruka kulia.

Haya, tuongee waziwazi. Nani alikupa hizo glovu? Ni Mwavuli. Nani alifungua timu ya wanawake pale klabuni wakati Mwenyekiti na wenzake wanashika matumbo kwa kucheka? Ni yeye. Na kamati ilipokuja kuivunja, nani alipigana nao mpaka dakika ya mwisho? Jukwaa zima linajua alivyowapigania, nimewasimulia mimi mwenyewe, na mpaka leo wanaosimulia wananitaja mimi. Leo mtu huyo anatolewa mlango wa nyuma kama mwizi, watu wazima wenye familia zao wanahangaika apate heshima ndogo tu ya ngoma, na wewe uliyefaidika kuliko wote unajificha nyuma ya sponji.

Huna shukrani. Nimeandika na sifuti. Marehemu mama yako alikuwa mkaidi, dada yangu yule, lakini ukaidi wake ulikuwa na sababu. Wewe hata sababu huna.

Mjomba wako. Leo bila utani.


Tarehe 6 Mei

Shikamoo. Salamu nyingine zipo mwisho wa barua, leo naanza na jibu.

Hapana.

Sasa sababu, kwa kuwa umeitaka. Siku kamati ilipokutana kuivunja timu yetu niliitwa kama nahodha. Kwamba niliitwa ulikuwa unajua. Nilichokiona ndani hukukijua. Ni kile chumba cha vikombe chenye kabati ya kioo, chai imeshamiminwa, biskuti kwenye sahani. Mwenyekiti akasoma karatasi kwamba timu ya wanawake inatumia maji mengi na sabuni nyingi. Sabuni, Mjomba. Nikasimama nikasema yangu yote. Sauti ilitetemeka tangu mwanzo mpaka mwisho lakini nilisema.

Kisha Mwenyekiti akamgeukia Mwavuli. "Kocha, una neno?"

Alikuwa amekaa pembeni yangu, mwavuli kaubana kati ya magoti. Nikamwangalia. Huyu ndiye aliyetufundisha kutoka golini na kumkabili mshambuliaji bila kufumba macho. Alikuwa anasimama yeye mwenyewe mbele yangu na mpira, mara mia, mpaka nikaacha kufumba. Nikajua sasa anasema.

Akasema, "Sina." Akainua kikombe akanywa chai.

Hakupigana dakika ya kwanza wala ya mwisho. Ile hadithi ya kupigana uliitunga wewe, kwa kumpenda, na mimi nikakuachia. Mwaka ule masikio yako yalikuwa yanakwenda. Ulikuwa unakaa karakana kutwa, nyundo mkononi, hugongi. Nikaona siwezi kukuondolea na Mwavuli pia. Nikapanda basi nikaja huku.

Sikatai aliyoyafanya. Ile kutulia unayoisifia na mimi ninayo, naitumia kila siku kiwandani mtu akinijia na hasira zake. Ndiyo maana inauma hivi. Mtu asiyejua kitu akinyamaza simlaumu. Yeye alijua, alitufundisha yeye, na akanyamaza.

Kwa hiyo mkitaka vunjeni sheria mmpigie. Ngoma ni yako na mikono ni yako. Lakini ndiyo yangu hataipata, wala usirudi kuniomba. Asiye na shukrani usiniite tena. Na mama yangu muache apumzike.

Salamu kwa mkaza mjomba, mwambie nampenda. Mtoto anasimama dede, sekunde kidogo, kisha anakaa kwa kishindo na kujipigia makofi.

Mpwa wako


Tarehe 27 Mei

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Sote wazima. Mkaza mjomba wako aliisoma barua yako baada yangu, kisha siku nzima hakuniandikia hata neno moja kwenye kibao chetu cha jikoni. Chakula alikiweka mezani akakigeuzia mgongo. Neno la shukrani nalifuta, na la mama yako nalifuta mara mbili.

Sikukujibu mapema kwa sababu sikuwa na la kusema mpaka nimwone yeye kwa macho. Nikamtumia salamu apite karakana tuongee habari ya sanduku la safari. Akaja, na mwavuli wake. Nikatandika bati jipya juu ya meza na kumpa chaki yangu ya kuchorea vipimo, maana anayetaka kuzungumza na mimi sharti aandike. Nikamwuliza kwa mdomo wangu, "Siku ile ya kikao cha timu ya wanawake, uliulizwa kama una neno. Kwa nini ulisema huna?"

Akachukua chaki. Akaandika: Kamati ilikuwa imeshaamua. Nikafuta kwa kiganja. Akaandika: Fedha hazikuwepo. Nikafuta. Akaanza kitu kirefu kuhusu mazingira ya wakati ule, hicho nilikifuta hajafika nusu. Mkaza mjomba wako amesimama mlangoni, mikono kiunoni, goti limepona ghafla. Yule mtu akanitazama, akamtazama yeye, akainama akaandika: Niliogopa kufukuzwa.

Hilo sikulifuta. Nikamwambia, "Na sasa umefukuzwa." Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaandika kuuliza sanduku ni la saizi gani. Nikamwambia hakuna sanduku, nenda nyumbani.

Halafu Mbao. Tulikutana wiki ya mechi, nikasimama nikawaambia mpwa wangu amesema hapana, kwa hiyo Mwavuli hapati mdundo. Waliotaka sababu nikawapa, yote, pamoja na chai na biskuti, na nikawaambia hadithi yangu ya zamani ilikuwa ya uongo hata kama mimi niliiamini. Midomo ikaanza kwenda kama mvua juu ya bati. Mwalimu akaniandikia anachosema Kinyozi: eti midundo ya wanawake ilikuwa ya kuwachangamsha tu, haihesabiwi kwenye sheria.

Nikamwendea Kinyozi mpaka puani. "Wako nilikutungia kwa mikono hii. Wake nilimtungia kwa mikono hii hii. Wake ukiwa hauhesabiwi, basi na wako tangu leo haupo, na ukifa tunakuzika kimya. Chagua."

Akakaa.

Siku ya mechi walinzi wakaichukua ngoma getini. Amri ya Mwenyekiti, leo hakuna ngoma, kuna spika. Na kweli wameleta spika ndefu kuliko mlango, wamezigeuzia Mbao ili tukianza kuimba dhidi yao tumezwe. Wenzangu wanaziba masikio. Mimi spika zinanihusu nini? Nikavua viatu. Nikashuka mpaka safu ya kwanza, nikaligeukia jukwaa, nikainua mguu.

Mbili nzito. Kimya. Moja.

Wako, mpwa wangu. Kile kimya cha katikati nilikiweka kwa ajili ya pale unaporuka na sisi wote tumeshika pumzi. Nikarudia. Mwalimu akaupata, Jongoo akaupata kwa kuchelewa, safu ya tatu, safu ya nyuma kabisa. Hata Kinyozi. Mbao zikaanza kupanda na kushuka chini yangu. Miaka sijasikia kitu, na siku ile nilisikia. Kwa nyayo, lakini nilisikia.

Mwavuli alikuwa kwenye mstari wake, mwavuli umefunguliwa. Akageuka. Alijua ni wa nani, alikuwepo siku nilipokupa. Akaufunga, akaulaza kwenye nyasi, akasimama kwenye jua la utosi akitutazama. Hakupunga mkono, hakupiga makofi. Refa anaangalia saa, wachezaji wanasubiri, yeye kasimama tu mpaka tulipomaliza. Kisha tukakaa chini. Mdundo wake haukupigwa.

Tulitoka sare tena. Mwisho wa mechi Mwenyekiti akatoa hotuba na kumkabidhi saa ya ukutani, na Mbao nzima tukampa Mwenyekiti migongo. Mwavuli alipopita peke yake kuelekea vyumbani tuligeuka, tukasimama. Nampenda mtu yule na nimemkasirikia. Yote mawili yamo ndani yangu, na hakuna linalomtoa mwenzake. Yeyote anayenitaka nichague moja namwambia aende zake.

Sasa niambie habari ya glovu.

Mjomba wako,
Kiziwi wa Mbao


Tarehe 30 Juni

Shikamoo Mjomba, shikamoo mkaza mjomba,

Sisi wazima sana. Mtoto anatembea! Anatembea kama mlevi, lakini anatembea. Baba yake alirudi safari akamkuta mlangoni amesimama, akaangusha mfuko wa vitunguu.

Barua yako niliisomea kwenye stoo ya sponji. Mtu akilia mle hakuna anayesikia. Nililia. Kisha nikakasirika, maana nani alikwambia upige mdundo wangu bila kuniuliza? Sheria gani hiyo? Ni wangu mpaka kaburini, umesema mwenyewe. Nimekusamehe kwa sababu ulivua viatu.

Glovu, haya. Tuna timu. Wakata sponji, washonaji wa foronya, wawili wa kupakia, na mpishi wa kantini anayepiga mpira kama umemtukania mtoto. Uwanja ni ua wa nyuma ya maghala, tukitoka zamu ya mchana mpaka giza linapoanza. Nikiruka naangukia mabaki ya sponji, kiwiko kile ni siku nilipoyakosa. Meneja alikuja kusema tunachafua ua. Nikamjibu yale yale niliyoyasema kwenye chumba cha vikombe, neno kwa neno, mbele ya zamu nzima. Safari hii sauti haikutetemeka. Ua ni wetu.

Sasa nisikilize. Wiki mbili zilizopita niko golini, naona mwavuli mweusi kwenye geti la ua. Anwani alipewa na nani? Usiseme ni wewe. Alikuwa ameshika kikaratasi, na mwandiko wa mkaza mjomba naujua hata gizani.

Sikumwendea. Nilimwacha asimame mpaka mazoezi yakaisha, mwavuli umefungwa, jua linampata. Akasogea mpaka kwenye mstari, hakuuvuka. Akasema, "Nilikuwa na neno."

"Limechelewa," nikamwambia.

"Najua. Nimekuja kulisema hivyo hivyo."

Akalisema mbele ya wakata sponji wote, na wengine hata hawamjui ni nani. Silirudii hapa, ni letu tuliokuwepo. Sauti ilimtetemeka tangu mwanzo mpaka mwisho, na mimi sikumsaidia hata kidogo.

Akauliza kama tunatafuta kocha. Nikamwambia kocha ni mimi. Akauliza basi kuna kazi gani. Nikamwonyesha goli. Nyavu zetu ni za magunia tuliyoyaunga wenyewe, mpishi akifunga mpira unapitiliza mpaka ghalani na mtu anatumwa kuufuata. Mjomba, amepanga chumba mtaa wa pili. Anakuja kila jioni na sindano ya magunia, anakaa chini nyuma ya goli langu, anashona. Anashona vibaya, mkaza mjomba angemchapa. Juzi alifungua mdomo kumwelekeza beki wangu. Nikageuka nikamtazama. Akaufunga, akarudi kwenye gunia lake.

Kuhusu mdundo, bado ni hapana. Waambie Mbao, na Kinyozi mwambie kwa kumshika sikio. Lakini umesema umeshautunga. Usimpe mtu mwingine, wala usiusahau.

Mechi yetu ya kwanza ni mwezi wa nane, tunacheza na wanawake wa kiwanda cha viatu, na wameshaanza kutucheka. Mpiga ngoma hatuna. Njoo na mkaza mjomba mumwone mjukuu wenu. Njoo na ngoma, hapa hakuna mlinzi wa kuichukua. Utamkuta Mwavuli nyuma ya goli, mpe mkono, ni mtu mzima na anafanya kazi. Kisha simama mahali nitakapokuona, uanze na wangu.

Safari hii nimekuruhusu.

Mpwa wako, kipa